Isale katika Kiwanja cha Chama: Kulipanda, Kulitunza na Kuliandika Daftarini

Miongoni mwa mimea ya mapambo iotayo katika vihamba vya Kilimanjaro, hapana unaojulikana na wengi na kutunzwa na wachache kama isale. Mtoto wa shule ya msingi hulitambua, mzee hulitaja anaposuluhisha ugomvi, na mwenye nyumba mpya hulipanda karibu na mlango kwa ajili ya uzuri wa majani yake. Lakini likiisha kuchomekwa ardhini huachwa lijitafutie maisha lenyewe, kwa kuwa yaaminika kwamba isale halifi. Imani hiyo ina kweli ndani yake, na ndiyo iliyoviponza baadhi ya vyama. Somo hili lahusu namna ya kulipanda na kulitunza isale katika kiwanja cha chama cha msingi, na sababu ya kazi hiyo kustahili nafasi katika daftari la mali badala ya kuachiwa mlinzi wa usiku.

Isale lenyewe

Wataalamu wa mimea huliita Dracaena fragrans. Neno la pili katika jina hilo lina maana ya kunukia vizuri, nalo latokana na maua yake, ambayo ni madogo, meupe yenye wekundu kidogo, yaliyoshikana katika vishada. Hufunguka jua likichwa na kunukia usiku. Isale halitoi maua kila mara, na wako wanachama waliokaa nalo miaka mingi wasijue kwamba lina maua. Baada ya maua hufuata matunda madogo ya rangi ya machungwa, ambayo ndege huyapenda.

Ni mmea wa Afrika hasa. Huota porini tangu nchi za Afrika ya Magharibi hadi kwetu Mashariki, na kuelekea kusini hadi Angola na Msumbiji. Katika msitu huishi chini ya miti mirefu, nalo laweza kufikia mita 15. Katika kihamba hukatwa mara kwa mara likabaki kimo cha mtu au pungufu. Majani yake marefu yafanana na ya mahindi, na kwa sababu hiyo wauza maua wa Ulaya na Marekani huliuza ndani ya chungu kwa jina la mmea wa mahindi. Watu wa huko hulinunua ili kupamba sebule, pasipo kujua kwamba mahali pengine mmea huo huo hutenganisha mali ya mtu na mali ya jirani yake.

Yafaa katibu atofautishe isale na mmea mwingine wa bustani unaofanana nalo, ule wenye majani mekundu au ya zambarau, ambao asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki na visiwa vya Pasifiki. Asiyejua huupanda huo mpakani kwa kuvutiwa na rangi. Mizizi huondoa shaka: ya isale ina rangi ya manjano iliyokolea au ya machungwa, na ya mmea ule ni myeupe. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Siku ya ugomvi jirani aweza kusema, na wazee wakamwunga mkono, kwamba kilichopandwa pale ni ua la kupendeza macho na si mpaka.

Heshima yake

Katika mila za Wachaga isale lina kazi zaidi ya moja. Mwenye kukosa hulipeleka jani lake, lililofungwa fundo, kwa yule aliyemkosea, na aliyekosewa huona vigumu kukataa kumsikiliza. Hupandwa penye makaburi ya wazee katika kihamba. Na hupandwa mpakani, ambapo kuling'oa bila jirani na mashahidi kuwapo huhesabiwa kuwa uchokozi mkubwa. Mila hizi zilikuwapo kabla ya mpima ardhi wa kwanza kufika mlimani na vyombo vyake, nazo zilifanya kazi kwa sababu kila aliyeishi pale alizijua na aliziogopa.

Chama cha ushirika kilizaliwa ndani ya mazingira hayo. Wakulima wa kahawa walipounda Kilimanjaro Native Planters Association mwaka 1925, na baadaye Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kilipoandikishwa mwaka 1933, vyama vya msingi vilihitaji mahali pa kupokelea kahawa, pa kupimia na pa kuhifadhia. Aghalabu kiwanja kilitolewa na ukoo au na Mangi, wazee wakasimama, masale yakachomekwa pembeni, na shughuli ikaisha. Karatasi haikuwapo, na wala haikuonekana kukosekana.

Matatizo yalikuja baadaye. Mwaka 1973 mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi yalitaifishwa, na baadhi yakakabidhiwa vyama vya ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na shughuli za vyama vya msingi zikawekwa chini ya vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha vyama, maswali mengi ya mali yaliibuka: ghala hili ni la nani, kiwanja hiki kinaishia wapi, nani alikuwapo kilipotolewa. Mahali ambapo masale yalikuwa yamesimama vizuri, swali la pili lilijibiwa kwa urahisi zaidi. Mahali ambapo yalikuwa yameachwa, mengine yameanguka, mengine yamesongwa na migomba, jibu lilitegemea sauti ya mwenye kusema kwa nguvu.

Hasara ya hatua moja

Uchukuliwe mfano wa chama chenye kiwanja ambacho upande mmoja una urefu wa mita 60, ukipakana na kihamba cha jirani. Masale matatu katikati ya upande huo yamekufa kwa kuzama katika maji ya mfereji uliopasuka. Jirani, kwa nia njema au mbaya, anaziba pengo hilo kwa masale mapya, lakini anayachomeka hatua moja ndani ya kiwanja cha chama. Mwaka unaofuata anayasawazisha na yale ya pembeni, ili mstari unyooke. Hatua moja ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Kwa urefu wa mita 60, eneo lililohama ni mita za mraba 45. Mibuni ikipandwa kwa nafasi ya kawaida ya mita 2.7 kwa 2.7, kila mbuni huhitaji kiasi cha mita za mraba 7.3. Chama basi kimepoteza nafasi ya mibuni sita, pasipo mtu yeyote kuinua sauti.

Katibu anapoliona jambo hilo baada ya miaka minne, mazungumzo huwa ya namna hii. "Shikamoo, mzee. Nimekuja kuhusu masale yale ya upande wa mfereji." "Marahaba, mwanangu. Masale yale nimeyatunza mimi mwenyewe, chama chenu hakikuwa na mtu wa kuyatunza." Katibu hana la kujibu, kwa maana ni kweli. Pengine hata mwenyekiti aliyekuwapo wakati huo amekwisha kufariki, na katika kumbukumbu za mikutano hakuna mstari hata mmoja unaotaja mpaka.

Kwa hiyo utunzaji wa isale ni sehemu ya utunzaji wa mali, sawa na kupaka rangi mizani na kuziba bati linalovuja. Anayetunza mmea wa mpakani ndiye watu watakayemzoea kuwa mwenye mpaka.

Kulipanda

Isale hupandwa kwa kipande cha shina. Hapana haja ya mbegu, ambazo huchelewa mno. Wakati bora ni mwanzo wa mvua za masika, mwezi wa Machi, udongo ukiisha kulowa vizuri. Mvua za vuli nazo zafaa, ila kiangazi kinachofuata kikiwa kikali itabidi kumwagilia. Huchaguliwa shina lililokomaa, lisilo na madoa wala wadudu, lenye unene wa dole gumba au zaidi, likakatwa vipande vya urefu wa sentimita 50 hadi mita moja. Vipande virefu hufaa mpakani kwa sababu huonekana tangu siku ya kwanza, na kuku au mbuzi hawezi kuving'oa kwa urahisi.

Upande wa chini ukatwe mshazari na wa juu ukatwe mlalo, ili mpandaji asikosee. Kosa la kupanda kichwa chini ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa, hasa kazi ikifanywa na vijana wengi kwa haraka siku ya msaragambo. Vipande vikiisha kukatwa viachwe kivulini siku moja ili majeraha yakauke kidogo, maana kipande kibichi kikitiwa katika udongo wenye maji mengi huoza kabla ya kutoa mizizi. Ikiwa hutumiwa vichwa vyenye majani, majani yakatwe nusu, kwa kuwa mmea usio na mizizi hauwezi kuyanywesha yote.

Shimo lichimbwe kina cha sentimita 30, na theluthi moja ya kipande izikwe. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo. Samadi mbichi ya ng'ombe huunguza. Udongo ukandamizwe kwa mguu. Mizizi huanza baada ya majuma kadhaa, na dalili ya kwanza ya uhai ni chipukizi zenye rangi ya kijani kibichi zikitokeza pembeni, karibu na ncha ya juu. Mwanachama asikivute kipande ili kuona kama kimeshika. Kila anayevuta hukata mizizi michanga, kisha huja kulalamika kwamba masale yake yamekataa.

Kuhusu nafasi, ua lililoshikana huhitaji sentimita 30 kati ya mmea na mmea. Upande wa barabara wafaa kufanywa hivyo, kwa kuwa hupendeza na huzuia mifugo. Mahali pengine yatosha kupanda kila baada ya mita mbili, lakini pembe za kiwanja zipandwe masale matatu yaliyokaribiana, ili moja likifa, mawili yabaki kutoa ushahidi.

Mahali panapolifaa

Kwa kuwa asili yake ni chini ya miti, isale hupenda kivuli chepesi. Ukanda wa migomba na kahawa ni makao yake halisi. Katika jua kali majani hupauka na kuungua, zaidi yale yenye mistari ya manjano ambayo siku hizi hununuliwa mjini. Chama kilicho tambarare, ambako jua ni kali na mvua haba, kisilazimishe isale bila kivuli. Kwanza kipande miti, kama mgrevilea, kisha masale yaje chini yake. Isale halivumilii kabisa maji yaliyotuama. Lisipandwe katika tako la mfereji wala mahali ambapo maji ya paa la ghala humwagika.

Ncha zinazokauka

Lalamiko linalosikika mara nyingi ni ncha za majani kugeuka kahawia na kukauka, kisha ukavu huo kutambaa ukingoni mwa jani. Wengi hudhani ni kiu, wakaongeza maji, na hali ikazidi kuwa mbaya. Sababu moja kubwa ni floraidi. Isale na jamaa zake ni miongoni mwa mimea inayodhuriwa upesi na madini hayo: huyanyonya kwa mizizi, yakapanda hadi ncha za majani, yakajilimbikiza huko na kuua sehemu hiyo.

Wakazi wa Arusha na wa baadhi ya sehemu za tambarare zinazozunguka Meru na Kilimanjaro wanaijua floraidi kwa madoa ya kahawia iliyoyaacha katika meno ya watoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika kila lita ya maji ya kunywa, na viko visima na chemchemi za huko zilizovuka kiasi hicho mara nyingi. Chama kinachomwagilia kutoka katika kisima cha namna hiyo kitaona ncha kavu hata kama bustani inahudumiwa kila siku. Dawa yake ni kutumia maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati la ghala; pipa moja lililowekwa pembeni mwa jengo hutosha kwa masale machanga ya kiwanja kidogo. Masale yaliyokwisha kushika mizizi katika ukanda wa juu hayahitaji kumwagiliwa.

Floraidi huja pia kwa njia ya mbolea za fosfati, pamoja na unga wa mawe ya fosfati. Mbolea hizo zina faida yake shambani, lakini zisitiwe penye masale. Samadi na majani ya migomba yaliyooza yatosha. Udongo wenye uchungu mwingi huiachia floraidi kwa urahisi, hivyo majivu kidogo ya jikoni yakitawanywa mara moja kwa mwaka husaidia. Majani yaliyokwisha kukauka hayaponi. Hukatwa, na yatakayofuata ndiyo yaangaliwe.

Wadudu ni wachache. Vidung'ata, wale weupe wenye ungaunga kama pamba, hukaa katika makwapa ya majani. Wadudu gamba hugandamana na shina. Utitiri mwekundu hushambulia wakati wa kiangazi na kuyafanya majani yawe na vumbi la rangi ya shaba. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni hutosha kwa wote watatu, mradi kazi irudiwe kila juma mpaka waishe. Hapana sababu ya kutumia fedha za chama kununua dawa kali kwa ajili ya ua.

Isale linalotembea

Kupogoa ni kazi ambayo huahirishwa mno. Isale lisilokatwa hurefuka, likawa na shina jembamba na majani juu tu, kisha huinama. Shina lililolala likigusa ardhi yenye unyevu hutoa mizizi pale pale. Baada ya miaka kadhaa shina la zamani huoza, na mmea unaoonekana umesimama mita moja au zaidi kutoka mahali ulipopandwa. Mpaka umetembea, na hakuna mwizi. Vyama viwili vijirani vyaweza kuapa kwa moyo safi kwamba kila kimoja kinasema kweli.

Kwa sababu hiyo masale ya mpakani yakatwe kila mwaka, kabla ya masika, kwa kimo cha kifua cha mtu. Panga liwe kali, mkato uwe mshazari ili maji yasitue juu yake. Chini ya mkato huchipuka matawi mawili au matatu, na mmea hunenepa badala ya kurefuka. Vipande vilivyokatwa ndivyo mbegu ya kuzibia mapengo, kwa hiyo kazi hizi mbili zifanyike siku moja. Shina lililolala likatwe na kuondolewa kabla halijashika ardhi.

Isale la zamani lina kitako kinene chenye makovu mengi ya kukatwa, na mizizi yake imejaa udongo unaolizunguka. Lililochomekwa juzi lina shina la unene mmoja tangu ardhini, na chipukizi zake hutoka upande mmoja. Wazee huziona tofauti hizo kwa mtazamo mmoja. Katibu aliyeshiriki kupogoa miaka mitatu mfululizo huziona pia, na hiyo yatosha kuwa sababu ya yeye mwenyewe kuwapo badala ya kutuma mtu.

Daftari

Siku ya kupogoa katibu achukue futi kamba na daftari. Kutoka katika pembe ya jengo la chama, ambayo haitembei, apime umbali hadi kila pembe ya kiwanja, na urefu wa kila upande. Achore ramani ndogo, aandike idadi ya masale kila upande, yaliyokufa na yaliyozibwa. Jirani wa kila upande aalikwe kwa heshima, aone kazi na atie sahihi, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Taarifa isomwe katika kikao cha Bodi na iingie katika kumbukumbu. Kazi yote haizidi nusu siku. Jirani aliyetia sahihi mwaka jana huwa na ugumu wa kudai vingine mwaka huu.

Lakini isale si hati, na chama kisijidanganye katika hilo. Chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria, chaweza kumiliki ardhi kwa jina lake chenyewe, na kinatakiwa kuwa na karatasi ya kuthibitisha. Mahali penye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na katika kuhakiki mipaka majirani huitwa kuonyesha. Hapo ndipo masale yaliyotunzwa na daftari lenye sahihi hurahisisha kazi. Ugomvi ukitokea, hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, husuluhisha tu wala halitoi hukumu, na shauri lisilopatana huendelea katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuhamisha alama ya mpaka kwa nia ya kudhulumu ni kosa la jinai. Mwanachama yeyote asiling'oe isale la jirani kwa kujilipizia kisasi, hata akiwa na hakika kwamba limehamishwa, maana kwa kufanya hivyo huharibu ushahidi wa chama chake na kuwa yeye mshtakiwa.

Maswali kwa vikundi vya kujisomea

Kiwanja cha chama chenu kina masale mangapi kila upande, na nani aliyapanda? Yuko mtu aliye hai aliyeshuhudia kiwanja kilipotolewa, na maelezo yake yameandikwa? Ni nani aliyeyapogoa mara ya mwisho: mtu wa chama au jirani? Ikiwa pengo limeonekana, ni vipande vingapi vinavyohitajika kabla ya mvua za Machi, na vitatoka katika masale ya nani?